Kufuli la Picha

Chumba chetu cha kompyuta kiko ubavuni mwa msikiti, hapa Misugusugu, katika kibanda kilichokuwa stoo ya saruji wakati msikiti ulipokuwa unajengwa. Kina madirisha mawili na feni moja inayolia. Kompyuta ni sita, za mezani, zote kuukuu. Ofisi moja ya Dar es Salaam ilikuwa inanunua mpya, ikatugawia za zamani, nasi tukashukuru. Zilipofika, ukiwasha moja unaweza kwenda kutawadha ukarudi ukaikuta bado inajifikiria.

Aliyezifufua ni mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu. Anaishi Mlandizi na kila siku anakwenda Dar, ambako kazi yake ni kutunza kompyuta za watu. Jumamosi kadhaa alikaa nazo sakafuni kwenye mkeka, akazifuta kila kitu kilichokuwamo, akaziwekea Linux. Hiyo, alinieleza, ni aina ya mfumo wa kuendeshea kompyuta usiotaka kununuliwa wala kutaka mashine yenye nguvu nyingi.

"Mjomba," aliniambia akijifuta vumbi, "hizi zilikuwa zinabebeshwa mizigo isiyo yake. Sasa zimetuliwa. Zitatembea."

Zikatembea kweli, alhamdulillahi, na ufunguo wa chumba nikakabidhiwa mimi. Nimesomesha madrasa tangu ujana wangu kule Kisarawe, kwenye chuo cha baba yangu mdogo, na baadaye hapa Kibaha, hadi macho yalipoanza kuomba mapumziko. Watu bado wananiita maalim. Nadhani kamati ya msikiti ilinichagua kwa sababu mashine zile zilihitaji mtu asiye na pa kukimbilia.

Ili tusisumbuliwe na paswedi zinazosahauliwa, mpwa wangu alifungua akaunti moja tu kwa watu wote, akaipa jina Msomaji. Lilikuwa jambo jema lenye kasoro moja: alichokiacha wa asubuhi, wa mchana alikikuta. Watoto wa madrasa walikuwa na Jumamosi na Jumapili. Vijana walikuja jioni. Na katikati ya wiki, baada ya sala ya adhuhuri, palikuwa na darasa la kina mama.

Darasa hilo nililipenda kuliko yote. Walikuwa wanawake wazima, wengine wajane, wengine viongozi wa vikundi vya kilimo na vya kuweka akiba, ambao siku hizi kila ofisi wanayokwenda wanaambiwa walete barua iliyochapwa. Walikuwa wamechoka kupanga foleni kwenye vibanda vya steshenari na kumsimulia kijana mambo ya kikundi chao huku watu wanasikiliza. Walitaka kuandika wenyewe.

Somo lao la kwanza lilikuwa kushika kipanya. Mpwa wangu, aliyeomba ruhusa kazini siku ile, alikuwa na njia yake. Hakuanza na barua. Aliwafundisha kubonyeza kitufe cha kulia mahali patupu, kuchagua maneno ya kubadilisha picha ya nyuma, kisha kugusa picha wanayoitaka. Picha ya nyuma ni ile inayokutazama kompyuta inapowaka, kabla hujafungua chochote. Ukigusa maua, kioo kizima kinakuwa maua. Ukigusa bluu, kinakuwa bluu. Mkono unaona mara moja kwamba umetiiwa.

"Kumbe!" alisema mama mmoja. "Yaani nimefanya mimi?"

"Umefanya wewe, mama."

"Ngoja nifanye tena, huenda ilikuwa bahati."

Aliyesema hivyo alikuwa mama wa Soga, Mnyamwezi wa Tabora, binti wa sheikh aliyekuwa na chuo kule kwao. Aliletwa huku na ndoa akabaki mpaka akazeeka. Kila siku ya darasa alipanda bodaboda kutoka kijijini kwake Soga hadi barabara kuu, kisha basi, mkobani mna miwani na chupa ya chai. Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe, kwa hiyo ni mtani wangu, na hakunipa hata siku moja ya kupumzika.

"Mtani," aliniuliza siku ile ya kwanza, "na nyinyi Wazaramo mmeruhusiwa kukaa na vitu hivi? Hamtavipiga mkidhani ni ngoma?"

"Tunawasubiri nyinyi wapagazi mvibebe kwanza," nilimjibu, "ndipo tujue uzito wake."

Kina mama wakacheka mpaka feni haikusikika.

Kumbe na vijana nao walikuwa wamejifunza kubadilisha picha. Walianza na wachezaji wa mpira, sikusema neno. Wakaja na magari, nikanyamaza. Kisha Jumamosi moja asubuhi baba mmoja alimleta binti yake mdogo, nikawasha kompyuta mbele yao, na kioo kikatujia na mwanamke mwimbaji aliyevaa kitambaa kisichotosha hata leso. Baba yule hakupiga kelele. Alimgeuza mtoto kwa bega, akatoka naye.

Kamati ilikaa siku hiyohiyo baada ya alasiri. Mwenyekiti wetu ni mtu wa haki, mstaafu wa serikali, hapendi kurudia maneno.

"Chumba kile kiko ndani ya uzio wa msikiti," alisema. "Picha ya aina ile ikionekana tena, kitakuwa cha watoto wa madrasa peke yao. Vijana watakwenda zao. Na kina mama, tutawaomba radhi, lakini hatuwezi kuwafungia mlango wakubwa hawa tukawafungulia wale."

Nikaliona darasa langu likiondoka kwa kosa lisilo lao. Nikaomba tutafute dawa kabla ya kukata kiungo. Mjumbe mmoja akatoa rai: tuweke wenyewe picha ambayo hakuna Mwislamu atakayethubutu kuiondoa. Tuweke neno Alhamdulillahi kwa hati nzuri ya Kiarabu, rangi ya dhahabu juu ya kijani, lijae kioo chote. Sote tuliafiki, mimi nikiwa wa mbele. Nilifurahi kwamba kila atakayewasha mashine ataanza kwa kushukuru.

Mpwa wangu akaiweka picha hiyo kwenye mashine zote. Ilikuwa nzuri. Nilikaa nikiitazama kama mtu anayetazama nakshi za mlango wa zamani wa Pwani.

Haikudumu. Siku chache baadaye niliingia kuwapokea vijana jioni nikakuta mashine moja ina rangi ya bluu tupu. Nikairudisha picha. Wiki iliyofuata zilikuwa tatu. Bluu tupu, hakuna mchezaji wala mwimbaji. Mtu alikuwa anaondoa neno la kumshukuru Mungu bila kuweka chochote cha kumfurahisha mwenyewe.

Niliwauliza vijana wakiwa mlangoni.

"Shikamoo, maalim," alisema kijana mmoja, nahodha wa timu yao ya mpira.

"Marahaba. Nani anaitoa ile picha?"

"Maalim, haki ya Mungu siyo sisi. Ile ya yule dada, sawa, kuna mwana alizingua na tulimchana. Lakini hii? Nani aende kujitafutia laana bure?"

"Mbona mnacheka?"

"Tunacheka kwa sababu leo tunasingiziwa kweli, maalim. Hatujazoea."

Mwenyekiti hakucheka. Kwake jambo hili lilikuwa zito kuliko lile la kwanza, na nilimwelewa. Picha chafu ni upuuzi wa ujana, lakini kufuta jina la Mungu kwa makusudi, tena ndani ya uzio wa msikiti, kunaonekana kama dharau. Akaagiza picha ifungwe isiweze kubadilishwa na mtu yeyote, na akasema wazi kwamba akishindwa kufunga picha atafunga mlango.

Mpwa wangu alikuja Jumamosi. Nilikaa pembeni yake nimtazame, kwani napenda kuona mtu akifanya kazi anayoijua. Kwanza aliitoa picha kwenye folda ya Msomaji akaihamishia sehemu ya mashine ambayo ni mali ya msimamizi, ambapo mtumiaji anaweza kutazama lakini hawezi kufuta. Kisha akafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, akaandika faili dogo la kusema picha ya mashine hii ni hii.

"Imeisha?" nikauliza.

"Bado, mjomba. Hapa nimesema tu kwamba asiyechagua apewe hii. Lakini Msomaji alishachagua yake, na la kwake litashinda. Lazima niandike faili la pili, la kufuli, la kusema jambo hili halina hiari."

Akaliandika, mstari mmoja tu, akaiamuru mashine isome upya. Alhamdulillahi ikarudi kwenye kioo. Nikajaribu kuibadilisha mwenyewe: kitufe cha kulia, picha ya maua, nikagusa. Kimya. Nikagusa tena. Mashine ilinisikiliza kwa adabu na haikufanya lolote. Nilimwombea dua mpwa wangu papo hapo, naye akaweka kufuli hilo kwenye mashine zote sita.

Darasa lililofuata, mama wa Soga alifika, akakaa, akavaa miwani. Nilimwona akibonyeza, akisubiri, akibonyeza. Kisha akaweka mikono mapajani akatulia hivyo hadi mwisho wa somo. Nikadhani macho yanamsumbua. Wiki iliyofuata hakuja. Wiki iliyofuata tena walikuja wachache, na mmoja wao akasema wenziwe wana mazishi. Kisha nikawa nafungua chumba baada ya adhuhuri, nawasha feni, na nasikiliza feni.

Mwenyekiti alipita akachungulia.

"Maalim, kama kina mama wamechoka, saa zao tuwape watoto. Umeme hauchomwi kwa viti vitupu."

"Nipe mpaka kikao kijacho," nilimwomba.

"Mpaka kikao kijacho," alisema.

Nilikwenda Soga. Siku hizi reli mpya imeleta kituo kikubwa pale na watu wanaijua Soga kwa treni, lakini nyumba ya mtani wangu iko mbali kidogo na kelele hizo, imezungukwa na mihogo. Alikuwa ametandaza mkeka barazani, anachambua mchele.

"Hodi hapa!"

"Karibu, mtani! Leo Mzaramo amefika Soga bila kualikwa harusini? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Nimesikia kuna ubwabwa."

"Ubwabwa hamkosi kuusikia. Kaa, maalim, kaa mkekani."

Alipeleka ungo wake pembeni, akaleta birika, vikombe, sahani ya mihogo ya kuchemsha, akavipanga vyote mbele yangu juu ya mkeka. Tulikunywa kwanza. Aliniuliza habari za macho yangu, nikamuuliza habari za wanawe. Kisha nikamweleza ukweli: darasa likibaki tupu mpaka kikao kijacho, saa zao zitachukuliwa, na sijui kama zitarudi.

Alisogeza sahani ya mihogo karibu nami.

"Nani anawaambia kina mama wasije?" nikauliza.

"Hakuna aliyewaambia wasije. Waliniuliza kwa nini siji, nikawaeleza. Basi."

"Uliwaeleza nini?"

"Mtani, na mimi nikuulize. Kule kwenu Kisarawe, chuoni, mtoto akiweka kofia yake juu ya juzuu ya Kurani, mwalimu anamfanya nini?"

"Anamwambia aiondoe haraka."

"Anamwambia tu?"

"Baba yangu mdogo alikuwa na kifimbo."

"Baba yangu vilevile. Juzuu hailaliwi na kitu. Ukiiweka kwenye rafu, inakaa juu ya vitabu vyote." Akanimiminia chai tena. "Sasa rudi kawashe kompyuta yako, na ile picha usiisome kama unavyosoma siku zote. Soma mpaka mwisho wa neno, utazame pale mwisho wa neno pamekaa nini. Halafu fungua barua ya kikundi chetu cha kufuga kuku uone inafunika nini."

Nikaanza kuiona kabla sijaondoka mkekani.

"Wewe ndiye uliyekuwa unaweka bluu," nikamwambia.

"Mimi na wenzangu. Tukifika tunaweka bluu na kufungua ukurasa juu yake kabla hujatuzungukia, ndipo tunafanya kazi. Si ndiyo somo la kwanza mlilotufundisha? Wiki mbili tatu nilikuwa namrudishia Mungu heshima yake kwa kitufe cha kulia." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Kisha mkafunga. Nilibonyeza bluu, ikakataa. Sasa niandike habari za kinyesi cha kuku juu ya jina la Mwenyezi Mungu? Nilishindwa, maalim. Na ningesemaje? Kamati nzima imekaa, mashekhe watupu, halafu mimi mwanamke wa Soga nisimame niseme mmekosea adabu?"

"Ungesema kwangu. Mimi ni mtani wako."

"Utani una mipaka yake," alisema. "Jina la Mungu siliingizi kwenye utani."

Nilimshukuru, na nilimaanisha. Nilipotaka kuaga nikauliza, kama mtu anayeuliza njia, ni picha gani angeiweka yeye.

Akautazama mkeka, vikombe, sahani, ungo wa mchele. "Chochote kisichoumia kikiwekewa kitu juu yake," alisema.

Nilirudi Misugusugu kabla ya alasiri, nikafungua chumba, nikawasha. Hati ya Kiarabu inaanzia kulia. Jicho langu limezoea tangu utotoni kushika neno lile lote kwa pamoja, kama unavyotambua uso wa ndugu bila kuhesabu pua na macho. Sasa nikalisoma kidogo kidogo kuelekea kushoto, hadi mwisho, ambapo limo jina lenyewe la Mwenyezi Mungu. Na upande wa kushoto wa kioo ndipo mashine hupanga alama zake ndogo: ya kompyuta, ya folda, na chini yake ya pipa la taka. Pipa lilikuwa limekaa juu ya Jina.

Nilizima mashine, nikakaa. Nilimshukuru Mungu aliyetuwekea watu wa kuona tusichokiona, na nikasubiri kikao.

Sikumtaja mama wa Soga. Niliwaomba wajumbe wote tuhamie chumba cha kompyuta, nikawasha moja, nikamwomba mwenyekiti asome.

"Alhamdulillahi," alisema. "Kwani nini?"

"Soma tena, polepole, ufuate kwa kidole."

Alinitazama kama anayejiuliza kama uzee umeshanifika, lakini akaweka kidole kulia na kukisogeza. Kidole kilipofika mwisho kikasimama juu ya pipa. Hakukiondoa.

"Astaghfirullah," alisema taratibu.

"Pipa si linaweza kuondolewa?" akauliza mjumbe aliyetoa rai ya mwanzo.

Mpwa wangu, niliyekuwa nimemwomba aje, hakujibu kwa maneno. Alifungua barua ya mfano, na ukurasa mweupe ukalifunika neno lote. Akafungua matokeo ya mpira, yakalifunika tena. Mjumbe akakuna kidevu.

"Hao waliokuwa wanaweka bluu," mwenyekiti akauliza, "ni kina mama?"

"Ni watu waliokuwa na adabu," nikasema.

Alitikisa kichwa kwa kukubali, wala hakuuliza zaidi. "Basi toeni. Lakini kufuli libaki. Sitaki kumwona yule mwimbaji tena. Tafuteni picha, na nikiiona inafaa, kina mama waje na vijana waje."

Nikawaambia habari za mkeka, kitu kinachotandazwa ili kiwekewe vitu juu yake.

Jumapili iliyofuata tulikuwa na kisomo cha familia kule Kisarawe, kwenye nyumba ya wazee wetu. Mpwa wangu aliutoa ndani mkeka wa ukindu aliousuka marehemu mama yangu, yaani bibi yake, wenye mistari ya zambarau na kijani iliyofifia, akautandaza uani mahali penye kivuli chepesi. Aliupiga picha kwa simu akiwa amesimama juu ya kiti, huku mama zake wadogo wakimuuliza kama amepungukiwa na watu wa kupiga picha.

"Watu wanazeeka, mama mdogo," aliwajibu. "Huu umeshazeeka tayari."

Akaiweka picha hiyo kwenye mashine sita, mahali pa msimamizi, na kufuli juu yake. Neno la Alhamdulillahi tulilichapisha kwenye karatasi nene, seremala mmoja wa hapa jirani akalitia fremu, tukalitundika ukutani juu ya mlango, ambapo hakuna kitu kinachopita juu yake isipokuwa paa.

Nilipeleka salamu Soga kwa simu. Baada ya adhuhuri ya siku ya darasa nilisikia bodaboda, kisha sauti za wanawake wengi zaidi ya nilivyotarajia. Mama wa Soga aliingia wa kwanza. Alitazama juu ya mlango, midomo ikamchezacheza kwa dhikri. Kisha akakaa kwenye mashine yake, akavaa miwani, akautazama mkeka wa mama yangu ukiwa umetandazwa kwenye kioo, na alama zimekaa juu yake mstari mmoja kama vikombe.

Alibonyeza kitufe cha kulia, akachagua bluu. Mashine ikakataa. Akajaribu tena.

"Mmefunga vizuri," alisema.

"Tumefunga."

"Lakini mtani, hata nyinyi Wazaramo, mnaweka pipa la taka kwenye mkeka wa kulia chakula?"

Kina mama wakaangua kicheko. Nilimpigia simu mpwa wangu kazini, na Jumamosi yake akaja kuliondoa pipa. Siku ile, mtani wangu alilifunika kwa barua ya kikundi cha kuku, akaanza kuandika kwa kidole kimoja, polepole, kwanza jina la kijiji chake.